Kadi ya Antena Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Purity, binti yangu, ana mtihani wa kazi Ijumaa. Ofisi moja ya Changamwe inataka karani. Mtihani ni wa mtandaoni, na simu haikubaliki, lazima kompyuta. Kompyuta tunayo. Niliitia mfumo wa Linux mwenyewe, bure. Gedion, jirani yetu hapa Kiembeni, alicheka. Ila haishiki waifai. Gedion ametupa nywila ya waifai yake, tena amesema Purity aende kwake atumie laptop. Nimemshukuru. Siku ya kuazima kompyuta haitafika. Nitanunua kadi ya waifai.

Jumanne, 4 Machi
Mishomoroni, dukani kwa Winfred. Akauliza nataka kadi yenye chipu gani, maana Linux huangalia chipu, haiangalii boksi. Nikasema nzuri. Nikachukua yenye antena tatu. Nimeifunga. Taa inawaka. Kompyuta inasema hakuna kitu.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma kwenye simu. Kadi inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha. Draiva inapakuliwa mtandaoni. Mtandao unataka kadi. Nimesoma tena, safari hii nikiwa nimeketi. Ni vile vile. Gedion ameuliza tumefika wapi. Nimemwambia pazuri.

Alhamisi, 6 Machi
Jamaa mmoja mtandaoni ameisifu kadi yake, akataja jina. Nimebadilisha kwa Winfred, nikapata jina lile lile. Hakuna kitu. Nimempigia Winfred. Kumbe kiwanda hubadilisha chipu ndani, jina huliacha. Sasa jina ni la nini? Purity ameomba aende kwa Gedion. Nimesema kesho asubuhi nitaleta kadi nyingine. Akaenda kukunja nguo zilizokwisha kunjwa. Mke wangu Pascalia akanitazama.

"Chengo, huo mtihani ni wa nani?"

Nikaenda kuchomoa nyaya za kompyuta.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeibeba kompyuta hadi kwa Gedion, Purity nyuma na skrini. Gedion akachomeka waya kutoka kwenye rauta yake. Mtandao ukaja papo hapo, bila draiva, bila swali. Sielewi. Purity akaandika, hakuinua kichwa. Gedion akaninong'oneza kwamba laptop yake ilikuwa pale pale mezani, imewashwa. Nikamwambia asimvuruge mtoto.

Jumatano, 12 Machi
Purity ameipata kazi! Nimemweleza Pascalia kwamba ni Linux. Leo nimepita kwa Winfred kutafuta printa, nikachagua moja. Ameuliza kama nimehakikisha inakubaliana na Linux. Nimemwambia aitazame vizuri, ina kioo cha rangi.