Kwaya Iliyonitupa Ziwani

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, ufukweni Pasiansi, na kosa si langu. Naanza na hilo ili mtu asije akanigeuzia maneno.

Kazi yangu mnaijua. Nachora boti na meli katika ofisi ya kanda ambayo kampuni yetu ya Dar imefungua hapa Mwanza, tangu soko huria liwape wafanyabiashara hamu ya kumiliki vyombo vyao. Boti ya kwanza niliyochora ni ya Mzee Masalu, anayepeleka sangara viwandani. Leo tulikuwa tunaipima kama inatulia majini, na bosi alikuja kutoka Dar kuangalia kama ofisi hii inastahili kuendelea.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unahamishia mzigo upande mmoja, unaangalia boti imelala kiasi gani. Vyuma vya kupimia vilikuwa bado njiani, kwa treni. (Reli yetu mnaijua.) Mzee Masalu akasema, "Injinia, si unataka uzito tu? Chukua kwaya ya Mama Neema." Mama Neema ni mkewe, mwalimu wa kwaya, na wanakwaya wote walikuwa wamekuja kuibariki boti. Bosi akaona ni wazo zuri.

Nikawavalisha maboya, nikawahutubia kuhusu usalama majini kama mkuu wa shule. (Mimi sikuvaa. Boya lingenikunjia shati.)

"Shikamoo, mama. Naomba wasimame kulia, kimya, asitikisike mtu mpaka nisome alama."

"Marahaba, mwanangu. Tumeelewa."

Hawakuelewa. Nimeinama nje ya ukingo, nasoma alama zilizochorwa ubavuni, nasikia nyuma yangu sauti ya kwanza inaanzisha pambio taratibu.

"Mama, tafadhali."

"Kusimama kimya hivi ni kama tuko msibani, baba. Tutaimba kidogo tu."

Kwaya za huku mnazijua. Hakuna kuimba bila kuyumba. Wakayumba kulia, boti ikayumba nao. Wakayumba kushoto. Waliporudi kulia, mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Nikaingia ziwani kichwa mbele. Sijui kuogelea. (Msishangae. Fundi wa ndege naye haruki.) Nikapigapiga maji, nikapiga kelele kwamba nakufa, nikamwachia Mzee Masalu wosia kuhusu wanangu, mbele ya bosi na wauza samaki wa ufuko mzima. Kwaya ikanyamaza. Sasa ndipo ikanyamaza.

Mama Neema akachungulia. "Baba, simama."

"Nakufa, mama."

"Simama tu kwa miguu yako."

Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni. (Kina hicho nilikipima mwenyewe asubuhi.)

Ungetegemea nipewe pole, au hata khanga nijifute. Wapi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini mchangani. Mzee Masalu akamwambia bosi kwamba boti ni imara sana, kwaya nzima imecheza juu yake na aliyeanguka ni mchoraji peke yake. Akaagiza ya pili palepale, kwa sharti kwamba niipime mimi, na kwaya iwepo.

Bosi akampa mkono huku mimi bado natafuta kiatu matopeni.

Kwa hiyo asicheke mtu hapa. Ofisi imesalimika, aliyelowa ni mimi.