Kushindana Kutulia

Jumapili, 8 Juni
Nimeamua kumwoa Anoma. Yeye hajui bado, lakini hilo dogo. Wa kumshawishi ni baba yake, Mzee Ariyaratna, anayetaka mkwe mcha dini. Keshokutwa ni Poson, sikukuu ya Kibuddha ya mwezi mpevu. Umati wote utakwenda kuhiji mlima wa Mihintale. Mzee na binti yake watashinda kwenye hekalu letu la pangoni, ambako hata popo hunong'ona. Nitavaa nyeupe, nitashika amri nane za siku takatifu, nitaketi bila kutikisika chini ya bodhi, mti mtakatifu wa Buddha. Mzee atajionea mwenyewe.

Jumatatu, 9 Juni
Sumathipala! Fundi baiskeli yule, mtu wa kutukana hata pampu, kanunua shuka jeupe. Nikamuuliza la nini. Akasema siku hizi anajisikia tu kutulia. Nikasema hata mimi. Tukaangaliana vibaya.

Jumanne, 10 Juni
Tumeketi tangu alfajiri, bega kwa bega. Amri ya kutojipaka manukato niliikumbuka nikiwa nimeshajimwagia nusu chupa. Nyuki wakaja. Sikutikisika. Anoma alikuwa akifagia majani uani, akisaidiwa na Nimalsiri wa posta. Nilimhurumia huyo. Hakushika hata amri moja. Kula baada ya adhuhuri ni mwiko, naye alasiri yote anatafuna mkate wa nazi mbele ya watawa.

Halafu sijui kilichotokea. Majani ya bodhi yalicheza na upepo haupo. Ukuta mweupe ukawa wa dhahabu, kisha samawati. Mtawa alipita akimwagilia mizizi, na maji yakasikika kwa mbali, kama ya utotoni. Sikumtaka Anoma. Sikutaka chochote. Nilikuwa na furaha, kweli kabisa.

Nikafumbua jicho moja nione kama Sumathipala naye amefika nilipofika. Naye alikuwa amefumbua jicho moja.

Hakuna aliyekubali kuinuka kwanza. Tulipoinuka, miguu imekufa ganzi, taa za mafuta zilikuwa zinawaka na uani hakuna mtu.

Jumatano, 11 Juni
Mzee Ariyaratna kaja kwangu mwenyewe, na majani ya tambuu mikononi, kama mtu aletaye posa! Nikajua nimeshinda. Akasema hajawahi kuona vijana walioiacha dunia namna ile. "Mwanangu, nilitaka kukusumbua na binti yangu. Nisamehe." Anoma ataolewa na Nimalsiri, ambaye angalau anahitaji mtu wa kumwangalia. Mimi na Sumathipala atatugharamia tuingie utawani. Kaniletea joho la mtawa na bakuli la kuombea chakula. Nililia. Mzee akadhani ni furaha, akalia nami.

Alhamisi, 12 Juni
Nilipanda hekaluni kukataa. Kabla sijafungua mdomo, mtawa mkuu akanikumbusha kwamba utawani umri si kitu: aliyetangulia kuingia, hata kwa dakika, mwenzake humsujudia maisha yake yote. Ataanza na yeyote atakayefika amenyolewa.

Kinyozi wa Sumathipala anakuja kesho asubuhi. Wangu yuko hapa, ananoa wembe.