TV ya Ndani na TV ya Nje

Jumatatu, 14 Julai 2025

Daftari, salamu nyingi. Diana alisema nikiwa na wasiwasi niandike, moyo utatulia. Basi naandika. Ila siwezi kuanza maneno bila kusalimu. Sisi hapa Buzebazeba hatujambo. Baba Diana hajambo, goti tu, likisikia baridi ya asubuhi linalalamika. Bibi Spesiosa, mama mkwe wangu, hajambo, anasema mwakeye, salamu yetu ya Kiha, na anauliza chai imechelewa kwa nini. Kelly, mdogo wake Diana, hajambo, yuko shule ya bweni Kasulu. Mbuzi hajambo, amekula kanga ya jirani, tumeshaomba radhi. Kompyuta haijambo. TV zote mbili hazijambo. Diana sijui.

Diana yuko Dodoma. Kazi ya majaribio, anachora mabango kwa kompyuta. Wamempa mkataba, na mpaka mwisho wa mwezi awe amechagua: asaini, au arudi nyumbani. Nikimuuliza anasema tutaona, Mama. Tutaona nini? Anakula nini kule? Dagaa wa Dodoma ni dagaa?

Nataka arudi. Duka la kuchapa na picha ni lake, mimi nimeshikilia tu. Nina mpango: duka lichangamke mpaka Dodoma aione jangwa.

Na leo nimeanza! Mzee Leonardi anamwoza binti yake Winfrida. Kicheni pati ni Jumamosi. Veneranda wa duka la ng'ambo ya barabara alikuwa anajipanga kupeleka projekta yake. Nikamwahi. Nilikwenda na samaki, migebuka ya kukaanga. Nikamwambia mama wa binti: TV mbili. Ya ndani ya hema, wanawake wamwone kungwi vizuri, hata waliokaa nyuma. Ya nje, wanaume waangalie mpira wasichungulie. Maana mafundisho ya bibi harusi mwanamume hayasikii, lakini baba, wajomba, wapishi na madereva wote huwa hapo nje wananyoosha shingo.

Akauliza zote mbili kwa kompyuta moja? Nikasema moja. Akauliza naijua? Nikasema naijua kama sufuria yangu.

Siijui. Lakini Jumamosi ni mbali.

Jumanne, 15 Julai

Diana kanielekeza kwa simu. Unabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Yanatokea machaguo. Moja ni picha ileile kote. Jingine ni kila TV na yake. Nikabonyeza la pili. Ikakubali! Mpira huku, picha ya Winfrida kule. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Kisha mshale wa mausi ukapotea. Inatakiwa utoke TV hii uingie ile, kama mtu anayevuka chumba. TV ya nje nimeiweka kulia. Nasukuma kulia, mshale unagonga ukuta. Nasukuma kushoto, huo, unatokea kulia! Diana akasema kompyuta inaamini TV zimekaa kinyume. Niingie kwenye setingi, kuna viboksi viwili vyenye namba, nikivute kimoja nikipitishe upande wa pili. Nikavuta. Kikarudi. Nikavuta. Kikarudi kama mbuzi wetu.

Nikaona ujinga huo wa nini? Nikamwita Baba Diana tukahamisha TV zenyewe. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Na meza. Na kabati. Akauliza, huku ameshika goti, kwa nini isihame kompyuta. Nikamwambia kompyuta ikishaamini jambo lake ni kama mama yako, tunahama sisi. Bibi alikuwa mlangoni. Amesikia.

Lakini mshale unavuka! Ushindi.

Jumatano, 16 Julai

Nilikuwa naikagua setingi tu, kwa nia njema. Kuna mahali wanaandika mwelekeo. Nikasema hebu. TV ya nje ikapinduka! Refa anakimbia kwa kichwa, majani yako juu, mbingu chini.

Na nani atokee wakati huo? Veneranda. Akasimama mlangoni amejishika kiuno. Akauliza hao wachezaji wameanguka kutoka wapi. Nikamjibu ndiyo mtindo wa sasa, hata Dodoma wanatumia. Akasema ahaa, basi waalikwa waje na shingo za popo. Akaondoka anacheka mpaka ng'ambo.

Nilitafuta nilipobonyeza, sikupaona. Nikapiga simu kwa Diana, yuko kikaoni. Basi nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikaipindua TV yenyewe miguu juu, nikaifunga kwenye fremu ya kitanda cha zamani. Refa akasimama! Jina la kiwanda tu limekuwa kichwa chini, nimelifunika na kitambaa cha kufuma. Inapendeza kuliko ilivyokuwa.

Jioni Diana kaandika: Mama vipi TV? Nikajibu safi. Akajibu poa. Basi, poa tu. Nimelisoma hilo poa mpaka nikalichoka. Halisemi kama amekula.

Ijumaa, 18 Julai

Veneranda amekwenda kwa mama wa Winfrida. Kamwambia kompyuta moja yenye TV mbili ni kama mume wa wake wawili, siku moja atachanganya majina. Mama wa watu akaja mbio, macho yamemtoka. Ikabidi nimwonyeshe. Mpira huku, binti yake kule. Nikatembeza mshale kwenda na kurudi. Akashusha pumzi, akauliza kitambaa nimefuma mwenyewe?

Sasa mpango mkubwa. Nimechapa tangazo: DUKA LA DIANA, BUZEBAZEBA, PICHA, KUCHAPA, TV ZA SHEREHE. Kesho, watu wakishajaa, nitabonyeza picha ileile kote. Tangazo litokee ndani na nje kwa mkupuo mmoja, wanawake na wanaume. Kisha narudisha kila TV na yake. Rahisi. Veneranda amealikwa. Atakuwa hapohapo analiona.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi. Niandike kwa utaratibu.

Hema lilijaa. TV ya ndani inaonyesha picha za kamera niliyoielekeza kwa kungwi, wa nyuma wanaona mpaka hina ya Winfrida. TV ya nje inaonyesha mechi ya marudio, wanaume wanabishana kama hawajui iliishaje. Nikabonyeza. Tangazo likawaka kote! Wanawake wakashangilia, wanaume wakapiga makofi. Nikalitoa. Moyo wangu ulikuwa umejaa.

Hapo Veneranda akanijia. Akasema, kama anayetafuna changarawe, tangazo zuri Mama Diana. Akanivutia kiti. Nani angekataa utamu ule? Nikakaa. Nikaletewa pilau.

Kungwi alikuwa Shangazi Verediana, dada yake Mzee Leonardi. Mumewe, Mzee Feliksi, yuko nje kiti cha mbele. Shangazi akaanza. Mwanangu Winfrida, na mume usibishane naye. Huyu wangu Feliksi alikataa nyumba kupakwa kijani. Nikamwambia tu kwamba kijani ni rangi ya watu wenye maamuzi, wanaume wengi hawaiwezi. Nikanyamaza. Wiki haikuisha, kaja na ndoo ya kijani, ananieleza ubora wake. Mpaka leo anasimulia watu kwamba ni wazo lake.

Huko nje kelele, woooo! Wanawake wakasema wamefunga goli.

Shangazi akaendelea. Akitaka kununua baiskeli usiyoitaka, isifie sana, halafu uliza kwa upole kama ndiyo ileile aliyoanguka nayo mwizi wa Mwandiga. Huko nje, woooo! Goli jingine. Nikamwambia Veneranda, unaona mechi niliyowachagulia? Inachemka.

Shangazi akafika kwenye mambo ya kujifanya umelala. Woooo, na mtu akapiga sufuria.

Ndipo nikarudisha tonge kwenye sahani. Ile mechi naijua, niliitazama yote. Iliisha bila goli.

Nilitoka mbio. Wanaume wote wameisogelea TV. Wapishi wameacha masufuria. Mzee Leonardi ameshika sahani bila kula. Na kwenye kioo, Shangazi Verediana, mkubwa, na sauti yake yote. Sikuirudisha kila TV na yake! Nilitoa tangazo tu!

Mzee Feliksi alikuwa amesimama, mkono kifuani. Akasema taratibu, kumbe kijani si mimi. Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Akasema na baiskeli ile! Nikanyoosha mkono kwenye waya, wakanipigia kelele, Mama Diana, usiguse! Mzee Leonardi akasema acha mtoto afundishwe. Nikachomoa. Wakaguna kama umeme umekatika.

Shangazi akatoka hemani, kanga kiunoni. Akanitazama. Akamtazama mumewe. Namshukuru mpiga ngoma, yeye akaanza kupiga bila kuambiwa.

Watu walikula, walicheza, na tangazo limeonekana kote. Kwa jumla ni ushindi. Lakini Diana akisikia?

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nimekaa nyuma ya nguzo.

Mchana nikamwona Mzee Feliksi anakuja na fimbo. Nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Akapiga hodi, akamwamkia Bibi shikamoo, akauliza Mama Diana yuko? Bibi akasema yuko nyuma ya pipa. Hajanisamehe yale maneno ya kompyuta.

Nikatoka nikijifanya natafuta yai. Mzee akasema hana ugomvi. Anataka kujua kama yalirekodiwa. Nilipochomoa waya walikuwa wamefika pale pa kujifanya umelala, na miaka yote hii anataka kujua. Nikamwambia hayakurekodiwa. Akasikitika sana. Akasema basi mpwa wake anaoa Mwandiga mwezi ujao, niende na TV ya nje. Na nisijisumbue na mpira.

Jumanne, 22 Julai

Leo amekuja Shangazi Verediana mwenyewe. Nikaanza kuomba radhi kabla hajakaa. Akaninyamazisha. Kasema tangu Jumamosi Feliksi ametangaza kwamba sasa nyumba itapakwa upya, rangi ya kichwa chake mwenyewe, asiambiwe na mtu. Kashinda anafikiri chini ya paa. Jana katoka, karudi na ndoo. Kijani! Safari hii yeye mwenyewe kweli, hakuguswa. Shangazi alicheka mpaka akaegemea printa, ikatoa karatasi.

Kisha akasogeza kiti. Kasema sherehe zijazo nibonyeze vilevile, kwa bahati mbaya. Yeye atajua la kusema mbele ya kamera. Kuna mambo mengi wanaume wa mji huu wanapaswa kuyasikia wakidhani wanaiba.

Basi wateja! Ujiji wamekuja. Mwandiga wamekuja. Mwamgongo wametuma mtu kwa boti, wanasema waume wao wameshasikia na hawakubali sherehe bila TV ya nje. Veneranda amesimama ng'ambo anahesabu wanaoingia.

Nilikuwa naimba Diana alipopiga. Kapiga mwenyewe, sauti kabisa! Amesikia yote, video za wapishi zimefika mpaka ofisini kwao. Nikamwambia unaona sasa, duka limechangamka. Akasema ndiyo, Mama, nimeona. Akasema siku zote alikuwa anasita kusaini kwa ajili yangu, nitabaki na duka nisiloliweza. Sasa ameona ninaliweza kuliko yeye. Moyo umemtulia. Amesaini asubuhi. Miaka miwili.

Alilia kidogo kwa furaha. Na mimi nikalia. Akadhani ni ileile.

Alipokata nikakumbuka sikumuuliza anakula nini.

Jumatano, 23 Julai

Usiku umenipa akili. Kosa langu nimeliona. Kosa ni kwamba TV zilikuwa mbili tu! Mbili hata mimi naweza. Zikiwa tatu, hapo hakuna mtu anayeziweza kuanzia hapa mpaka Kasulu, ila Diana. Lazima apande treni.

Nimevuka barabara kwa miguu yangu mpaka kwa Veneranda. Nimemwambia tuungane, alete TV yake kubwa. Alinitazama kama nimepandwa na homa. Kisha akasema, na jina langu kwenye tangazo? Nikasema na jina lako, dada. Akaibeba mwenyewe.

Mwamgongo nimewajibu ndiyo. TV tatu. Ndani, nje, na ya boti, kwa wanaochelewa.

Baba Diana kauliza, na ukiziweza je? Nikamwambia asiniletee mikosi.

Mchana tumeunganisha. Nimebonyeza dirisha na P, hivihivi, bila kuangalia. Zikawaka zote tatu, kila moja na yake, na mshale ukapita kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho bila kugonga popote. Veneranda akapiga kigelegele. Nimechomoa waya mmoja haraka, kabla hajapiga cha pili.

Sasa hivi nimemtumia Diana ujumbe, nanakili hapa nisije nikausahau. Mwanangu Diana, baba hajambo, Bibi hajambo, mbuzi hajambo. TV zimetushinda kabisa, mshale haujulikani uliko, Mwamgongo wanatusubiri. Umekula? Kama huwezi kuja basi piga, na kama huwezi kupiga basi andika, lakini zaidi ya poa. Nijibu haraka mwanangu, nimeshika simu mkononi.