Nusu Kalio Nje ya Kiti

Swali lililoninyima usingizi ni hili: ukitoa kalio moja nje ya kiti wakati pikipiki imelala kwenye kona, lile lingine linashika nini? Nilisomea takwimu chuo kikuu. Nilifundishwa kukadiria uwezekano wa karibu kila jambo. Hili la kalio lilinishinda.

Sasa nimeoga, nimekunywa chai, na masikio bado yanawaka. Leo nimeaibika, jamani, tena mbele ya watu waliovaa suti za ngozi kutoka shingoni hadi vifundoni. Naandika kwa sababu Sheila amerekodi kila kitu kwa simu yake, na afadhali mkisikie kisa hiki kwangu kabla hamjakiona kwake.

Kwa wale tusiojuana sana: mimi ni Nekesa, naendesha boda, pikipiki ya abiria, hapa mtaa wa Tena. Nilianza baada ya kuhitimu, nikawaambia watu ni kwa muda tu huku nikitafuta kazi. (Muda huo umerefuka. Tusiuongelee.) Majuzi klabu moja ya wenye pikipiki kubwa ilitangaza siku ya mafunzo kwenye uwanja wa mbio ulio nje ya mji. Pikipiki yoyote inaruhusiwa, hata hizi zetu. Chini kabisa ya tangazo kulikuwa na mstari ulionifanya nisimame katikati ya njia: wanatafuta mwendeshaji mmoja wa boda, wamwajiri, awafundishe wenzake mitaani kukata kona bila kuanguka. Mwalimu angemchagua siku hiyohiyo, kati ya watakaofika.

Kazi. Kazi ya kweli, yenye mkataba. Nikaanza kuogopa papo hapo.

Wiki nzima nilikuwa nikitazama video za watu wanaolaza pikipiki mpaka goti linagusa lami. Kisha nasimamisha yangu kwa stendi ya katikati pale koridoni, napanda, natoa kalio nje, nainama mpaka kidevu kinakaribia kioo cha kando. Nabaki hivyo, nikitafakari. Siku moja Mama Brayo wa chumba cha pili akatoka na beseni la nguo, akasimama.

"Nekesa, mgongo umekushika?"

"Hapana, Mama Brayo. Nakata kona."

Akaangalia gurudumu. Lilikuwa limetulia tuli.

"Haya. Ukimaliza kukata, utoe hii kitu yako nianike nguo."

Basi leo asubuhi tukaenda. Sheila tunakaa naye chumba kimoja, na hufanya kazi kiwandani kule Industrial Area. Leo ndiyo siku yake ya pekee ya kupumzika. Alisema anakuja kunitia moyo. Alibeba chapati na simu iliyojaa chaji, na hapo ndipo ningepaswa kushuku.

Uwanjani nilikuta pikipiki ambazo zikinguruma unasikia tumboni. Yangu nilikuwa nimeitoa mwavuli na keria, nikaiosha mpaka ikaona haya. Jamaa wa ukaguzi akaizunguka, akaridhika na breki, kisha akatoa utepe mweusi na kuanza kufunika taa na vioo vyote viwili.

"Vioo vya nini tena?" nikauliza.

"Hapa hakuna kuangalia nyuma. Ni mbele tu."

Nikamwomba aniachie kimoja. Akadhani natania.

Mwalimu wetu anaitwa Kocha Daudi, mtu wa sauti ya chini anayesema mambo ya kutisha kana kwamba anakukaribisha chai. Watu wa boda tulikuwa wachache, na mmoja wao ni kijana wa mtaa wa Ziwani aitwaye Odhis, ambaye alipojua nimesoma hakunipumzisha.

"Niaje, msomi. Hapa hakuna mtihani wa kuandika, sawa?"

Tukazunguka mara ya kwanza polepole. Niliporudi, Kocha akaja akasimama kando yangu, akanitazama kwa huruma.

"Dada, mbona umekaa juu ya tangi?"

"Nimekaa kitini."

"Angalia chini."

Nikaangalia. Nilikuwa juu ya tangi.

Sasa hapa niwatetee wenzangu wa boda. Sisi hatukai pale kwa ujinga. Nyuma yangu huwa kuna mama wa kanisa, mtoto wake, na gunia la viazi, na yule mama husema, "Songa kidogo, huyu mtoto hajakaa." Ukisonga hivyo kutoka asubuhi hadi jioni, mwili unajifunza. Hata nikiwa peke yangu nawapisha watu ambao hawapo.

Nikamweleza Kocha hivyo. Wenye ngozi wakacheka. Sheila akacheka kuwashinda.

"Leo huna abiria," Kocha akasema. "Rudi nyuma. Kiti chote ni chako."

Sijui kwa nini maneno hayo yalitaka kuniliza.

Akatufundisha hatua kwa hatua. Breki unaimaliza kabla ya kona, si ndani yake. Unakanyaga kwa mbele ya mguu. Kalio moja linatoka upande wa ndani, na lile lingine (hatimaye nikapata jibu) halishiki kitu, kinachokushikilia ni paja la nje linaloukumbatia ubavu wa tangi. Mikono inalegea. Kichwa kinashuka na kuingia ndani ya kona. Macho yanaangalia unakotokea.

"Watu wa boda," akamalizia, "kwenu nataka kona moja tu iliyo safi. Ile ya mwisho, inayoonekana kutoka hapa. Nitachagua kwa hiyo."

Nikaingia. Breki, gia, mguu, kalio, paja, mkono, kidevu, macho. Nilipomaliza kukariri, kona ilikuwa imeshapita na nilikuwa naelekea majanini. Nikajaribu tena. Mara hii kalio lilitoka vizuri, lakini kichwa kikakataa kufuata, nikapita mbele ya watu kama mtu aliyetaka kuchungulia dirisha la jirani akabadili nia.

"Kalio liko nje, kichwa kiko nyumbani," Kocha akaniambia. "Mwili wako hauelewani."

"Nafikiria yote kwa pamoja."

"Usifikirie. Angalia pale unapotaka kutokea. Mwili utakuja."

Kwangu hayo ni sawa na kumwambia samaki atoke majini kidogo aone atakavyojisikia. Lakini Odhis alikuwa ametoka kukata kona safi kabisa, watu wamempigia makofi, na nafasi ilikuwa inaniponyoka nikiiona. Nikaingia tena.

Nisikilizeni sasa, kwa sababu sehemu hii nitaisimulia hadi uzeeni. Nikapiga breki mapema. Nikarudi nyuma kitini, kalio likatoka lenyewe bila kuulizwa. Paja likashika tangi. Nikashusha kichwa na kuangalia mbali, mwisho wa kona, na ile pikipiki yangu ya kubeba viazi ikalala chini kwa upole, kama ng'ombe anayemjua mwenyewe. Haikuyumba. Mikono ilikuwa mepesi. Lami ilikuwa karibu sana na goti langu na sikuogopa. Nikafungua mafuta, ikainuka, ikatoka kwenye kona imenyooka kama rula. Ndani ya helmeti nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yamebana.

Pale kona inapoishia alikuwa amesimama mama mmoja, wa umri wa mama yangu, amevaa rifleta, ile fulana ya kung'aa, ya rangi ya machungwa. Kazi yake ni kuangalia kona na kupeperusha bendera kukiwa na hatari. Asubuhi yote hakuwa ametabasamu. Akaiona kona yangu, akafurahi, akainua mkono juu kunipongeza.

Mkono umeinuliwa kando ya barabara.

Nami, ninayefikiria kila kitu, hapo sikufikiria chochote. Kidole kikawasha indiketa (chini ya utepe, kwa hiyo hakuna aliyeiona). Nikapiga breki. Nikavuta kando. Nikajisogeza mbele juu ya tangi ili apate nafasi. Nikaweka mguu chini, nikafungua kioo cha helmeti, nikamwambia kwa adabu zote:

"Mathe, tunaenda wapi?"

Mama akanitazama. Nyuma yangu pikipiki mbili kubwa zikapita zikipiga kelele.

"Mimi siendi mahali, mtoto wangu," akasema. "Niko kazini."

Kisha akakunjua bendera nyekundu.

Bendera nyekundu, kwa msiojua, ni kwamba kila mtu asimame. Kila mtu. Injini zikashuka moja baada ya nyingine, wenye ngozi wakarudi polepole kwenye eneo la maegesho wakiuliza nani ameanguka. Uwanja ukanyamaza. Na katika ule ukimya ikavuka sauti ya Sheila, iliyojaa raha:

"Hajaanguka! Amesimama kubeba mtu!"

Nikarudi nikisukuma pikipiki, sijui kwa nini, ilikuwa nzima kabisa. Odhis alikuwa amekaa chini ameshika tumbo.

"Msomi, ilikuwaje? Mlikosana kwa bei?"

Kocha peke yake hakucheka.

"Kusimama ndani ya uwanja kunaua," akasema, sauti ileile ya chai. "Wale wawili nyuma yako wamekukwepa kwa bahati. Unaelewa?"

"Naelewa, Kocha."

Akaenda zake. Nikakaa kando ya ukuta na helmeti mapajani. Nikawaza kwamba kazi imekwenda. Nikawaza kwamba nikiondoka sasa nitakuwa yule msichana aliyesimama kubeba abiria akakimbia, na nikibaki nitakuwa yule msichana aliyesimama kubeba abiria akabaki. Nikawaza namna ya kubadilisha jina la ukoo. Sheila akaja, akaweka simu mfukoni kwa mara ya kwanza siku nzima, akanipa chapati.

"Twende nyumbani?"

Nikaanza kusema ndiyo. Lakini kitu kilikuwa kinanisumbua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kilinisumbua kwa faida. Nikamrudishia chapati, nikatembea mpaka alipokuwa Kocha, katikati ya watu wake wa ngozi.

"Kocha, ile kazi naitaka."

Wakageuka wote. "Baada ya hayo?" akauliza.

"Kwa sababu ya hayo. Kona nimeikata, umeiona. Lakini mkono umeinuliwa tu na mwili umerudi juu ya tangi, breki zimeshikwa, na sikuangalia nyuma hata kidogo. Mitaani ndivyo tunavyogongwa. Unatoka kwenye kona, mtu anainua mkono, unasimama hapohapo kabla mwenzako hajampata. Ukiwafundisha kona peke yake, watakata vizuri halafu wafe wakisimama. Mimi naweza kuwafundisha kwa sababu huo ugonjwa ninao."

Odhis aliacha kucheka. "Hapo amesema ukweli," akanong'ona, na nadhani ilimuuma.

Yule mama wa rifleta alikuwa amekuja kunywa maji. Kocha akamtazama.

"Kona yenyewe ilikuwa safi," mama akasema. "Si ndiyo nilikuwa nampongeza? Sikujua natafutiwa usafiri."

Hapo Kocha akacheka, akafuta macho.

"Vaa helmeti. Mzunguko mmoja. Mkono ukiinuliwa, pita. Ukipita, kazi ni yako."

Nikapanda. Nikakaa nyuma, kiti chote changu. Kona ya mwisho ikaja, nikaangalia mbali, ikalala, ikainuka. Pale inapoishia mama alikuwa ananisubiri, na safari hii aliinua mikono yote miwili na kuipunga kama mtu aliyechelewa ibada. (Huyo mama ana roho mbaya.) Kila mshipa mwilini uliniambia simama. Nikafungua mafuta nikapita, nikimwomba msamaha moyoni kama abiria niliyemwacha kwenye mvua.

Jumamosi naanza na vijana wa steji yetu ya boda hapa Tena. Mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Jumamosi nitakuwa na filimbi.