Dizeli Iliyokufa

Umeme ulikatika wakati Sabuni anakoroga chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Ukumbi wa hoteli ukawa giza totoro, watu wakaguna, halafu nyuma ya jiko jenereta likakohoa, likanguruma, taa zikarudi. Wageni wakapiga makofi, kama vile jenereta lina masikio. Sabuni hakupiga. Masikio yake yeye alikuwa ameyaelekeza kaunta, ambako mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikuwa anamchambua meneja wake kama karanga.

"Tangi kubwa limejaa mpaka shingoni! Nimechovya kijiti cha kupimia kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu unakuja kuniomba hela ya dizeli nyingine?"

"Tangi kubwa ndiyo limejaa, Shangazi," akajibu meneja, kijana mkavu aliyezoea kusimama kama mtu anayesubiri kupigwa. "Tatizo pampu haivuti. Nanunua kwa madumu, najaza tangi dogo kwa mkono."

"Basi atafutwe fundi wa pampu. Wiki hii hii! Na awe wa bei nafuu, si wale wezi wenye vyeti."

Sabuni aliweka kijiko chini taratibu. Tangi limejaa mpaka shingoni. Fundi asiye na cheti. Kama angekuwa mtu wa kuswali, angeswali palepale.

Jina la Sabuni hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mji, kwa kuwa kila aliyemkamata alibaki na kiganja kitupu chenye harufu nzuri. Alishawahi kumuuzia mchungaji kiwanja ambacho ni barabara, na askari mstaafu friji ambalo ndani lilikuwa kabati. Elimu yake ya mitambo aliipata akiwa mlinzi wa jenereta la watu, kazi aliyofukuzwa siku jenereta lenyewe lilipoibwa. Lakini alikuwa na kofia ngumu nyeupe na kizibao cha kung'aa gizani, na katika mji ule vitu hivyo viwili vilitosha kumfanya mtu injinia.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni, kofia kichwani, uso umekunjwa kama wa daktari mwenye habari mbaya.

"Mimi ni Injinia wa mafuta ya akiba," alimwambia mwenye hoteli. "Nimepita hapo nje nikasikia jenereta lako linalia. Jenereta lenye afya huwa linanguruma, Mama. La kwako linalia."

"Kutazama ni bei gani?"

"Kutazama ni bure."

"Tazama," akasema mama, na kwa neno hilo moja akaingia mkenge kwa miguu yote miwili. Ndivyo Sabuni alivyoona.

Meneja alimpeleka chumba cha jenereta. Kilikuwa chumba cha joto, sakafu inateleza, ukuta mweusi kwa moshi. Kando ya mashine lilisimama tangi dogo juu ya miguu ya chuma, lile ambalo mafundi huliita tangi la siku, kwa sababu linabeba mafuta ya kutosha kazi ya siku moja tu. Bomba lilitoka hapo, likatoboa ukuta, likaishia nje kwenye tangi kubwa lililofukiwa nusu ardhini. Katikati ya bomba kulikuwa na pampu. Mpango wake ni rahisi hata kwa mtu kama Sabuni: ndani ya tangi la siku kuna boya, mafuta yakipungua boya linashuka na pampu inawaka yenyewe, yakijaa boya linapanda na pampu inazima. Ukutani kulikuwa na kisanduku chenye swichi ya kuamua kama pampu ijiendeshe, iendeshwe kwa mkono, au ikae kimya. Swichi ilikuwa kwenye kimya, tena imefungwa kwa waya.

"Nani kaifunga?"

"Mimi, Injinia," meneja akainamisha kichwa. "Ilikuwa inapiga kelele, nikaogopa."

Jinga kweli, Sabuni akawaza kwa furaha. Mbele ya mtu mjinga namna hii unaweza kuiba hata viatu vyake ukamwachia kamba.

Akachuchumaa, akafungua koki ya chini ya tangi la siku, akakinga chupa ya kioo. Dizeli ikatoka safi, inang'aa, hata moyo wake ukaruka. Kama hii ndiyo iliyo kwenye tangi dogo, basi kule nje kuna bahari nzima ya namna hii. Hakusumbuka kwenda kuchota kule nje. Akaiingiza chupa mfuko wa kulia wa kizibao, akakohoa, akaitoa mfuko wa kushoto ikiwa chupa nyingine kabisa, iliyojaa tope na maji machafu aliyochota mferejini njiani. Meneja alikuwa anatazama dari.

Mbele ya mwenye hoteli na wahudumu wake Sabuni aliinua ile chupa juu kama mtu anayeonyesha kidole kilichokatika.

"Poleni sana. Dizeli yenu imekufa."

"Imekufa?" Mama akavaa miwani. "Dizeli inakufaje?"

"Pampu isipovuta, mafuta yanalala tangini. Yakilala yanaoza. Yakioza yanageuka maji. Mama, mle ndani sasa hivi hamna dizeli, ni maji matupu!"

"Injinia," meneja akamgusa mkono, macho yamelowa, "tafadhali mwambie Shangazi kama kuna mtu wa kulaumiwa. Mimi ndiye ninayelala na funguo za tangi."

Sabuni akamwonea huruma, kama paka anavyomwonea huruma panya aliyenona. "Kijana huyu hana kosa hata chembe. Hiyo ni kazi ya Mungu na kutu. Hata ungemweka malaika hapo mlangoni, dizeli ingegeuka maji vilevile."

"Umesikia, Shangazi?" meneja akasema taratibu. "Wote mmesikia?"

Wote walisikia. Mpishi hata alitikisa kichwa.

Sasa likabaki jambo dogo la kuyaondoa mafuta ya marehemu. Sabuni akaeleza kwamba yeye ana boza, lori lenye tangi mgongoni, na kwamba kwa ada kidogo atayanyonya yote na kwenda kuyamwaga mahali salama. Hapo mama akavua miwani.

"Ada? Mimi nikulipe wewe uchukue mali yangu?"

"Ni maji, Mama. Taka."

"Hata taka zangu zina wenyewe. Wachoma matofali wanachomea chochote kinachonuka mafuta. Unafikiri sijui? Utanilipa, ama yaozee hapo hapo."

Walivutana mpaka chai ya pili ikapoa. Sabuni akatoa jasho la kweli na machozi ya uongo, akamtaja marehemu mama yake, ambaye alikuwa hai na mwenye nguvu zake. Mama hakushuka. Mwishowe Sabuni akakubali kulipa, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, na rohoni anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Maana alichotajiwa kilikuwa kama robo ya bei ya dizeli hai. Hela zenyewe hazikuwa zake. Alishachukua malipo ya awali kwa mzee mmoja mwenye malori, mtu mkubwa asiyeongea sana ambaye mjini walimwita Tajiri, na kumwahidi boza zima la dizeli ya bei ya kutupa. Akatoa bahasha, mama akanyoosha mkono, bahasha ikapotelea kifuani nyuma ya ile miwani.

Boza lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnyoofu na mzito wa maneno ambaye kwa miaka alikuwa akiamini kwamba Sabuni siku moja atatulia. Mchana ule alirudisha lori nyuma mpaka ukutani, akaunga mpira, mashine ya kunyonya ikaanza kupiga kelele.

"Shemeji," akaita, "mbona hayanuki sana?"

"Pua yako imeshazoea. Wewe mwenyewe unanuka dizeli tangu nilipomwoa dada yako."

Shemeji akajinusa kwapani, akaona hoja ina uzito.

Meneja aliwafungulia geti mwenyewe, akawapungia mkono. "Mungu awalipe," alisema, na Sabuni akacheka njia nzima.

Uwanja wa Tajiri ulijaa malori yaliyoinamisha pua. Tajiri alikuwa ameketi kwenye tairi. Hakuinuka. Alimwashiria tu mtu wake mmoja afungue koki ya boza na kukinga kikombe. Akakitazama kikombe. Akakinusa. Halafu, Sabuni akiwa bado anaeleza ubora wa mzigo, Tajiri akanawa nao mikono polepole, akajipangusa kwenye suruali.

"Leteni ndoo," akawaambia watu wake. "Injinia ametuletea maji ya kuoshea malori."

"Bosi, hapo juu tu! Dizeli iko chini!"

"Dizeli huelea," Tajiri akasema, na ilionekana amemaliza, mpaka alipoongeza: "Boza litalala hapa. Hela yangu ikirudi, nalo litarudi."

Shemeji alichomoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha Tajiri, akamgeukia Sabuni na kumtazama kama mtu anayesoma kaburi.

Sabuni aliingia barabarani kwa miguu, na akili yake ikamfikia akiwa bado hajafika kona. Yule panya aliyenona! Ameuza dizeli yote ya tangi kubwa, akajaza maji ili kijiti cha kupimia kiendelee kusema uongo. Akafunga swichi ya pampu kwa waya ili maji yasivutwe kwenye tangi la siku na kuliua jenereta. Akawa anajaza tangi la siku kwa madumu, huku Shangazi akitishia kuleta fundi ambaye angegundua kila kitu. Na fundi akaja. Akaja kwa miguu yake, bila kuitwa, akaapa mbele ya mashahidi kwamba ni kazi ya Mungu na kutu, halafu akalipia ushahidi na kuubeba.

Aliingia hotelini kofia imeenda upande.

"Mama! Umeniuzia maji!"

Wageni waligeuka. Mama hakuinua macho kutoka kwenye kalkuleta. "Si ulisema mwenyewe ni maji? Nimekuuzia ulichokisema."

"Mpwa wako ni mwizi! Dizeli kauza yeye!"

Hapo mama akavaa miwani, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akarudi kofia.

"Asubuhi umeniambia hana kosa hata chembe, nikakuamini kwa sababu ulikuwa injinia. Sasa hivi unataka nikuamini ukiwa nani?"

Sabuni akainyoosha kofia kichwani. Kila jibu lilikuwa na jela ndani yake.

"Meneja, msindikize mgeni," mama akasema.

Meneja alimsindikiza kwa adabu, mabega yameinama vilevile. Lakini walipopita geti mabega yakanyooka, na Sabuni akaona kwamba kijana alikuwa mrefu kuliko yeye.

"Injinia, ile ya mfuko wa kulia na wa kushoto nimeipenda," meneja akasema. "Mkono mwepesi sana. Nilitazama dari nisikuharibie."

"Umenimaliza, bwana mdogo. Boza la shemeji limezuiwa. Tajiri anataka dizeli yake."

"Pole." Meneja akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Dizeli ipo. Safi kabisa. Imebaki kidogo ya hoteli hii hii, nimeihifadhi kwa rafiki yangu. Kwako nitapunguza. Ila hela inatangulia, mzigo unafuata."

Mtu yeyote mwenye akili nusu angeondoka mbio. Hata mtu asiye na akili kabisa angeuliza kwanza kama unaweza kuchovya kidole. Lakini tamaa ikishazoea kukaa kwenye usukani haimwachii mtu mwingine nafasi. Sabuni alivua kofia, akajipangusa jasho, akamwaza Tajiri juu ya tairi lake, akamwaza shemeji ambaye kwa sasa bila shaka alishafika nyumbani kwa Sabuni na kukalia kiti chake kizuri, akieleza kila kitu kwa dada yake. Akakohoa. Akakunja uso kidaktari.

"Bei gani?" akauliza.