Doti Moja Mlimani

Alhamisi, 14 Agosti

Itangazwe kwa umma wa Msambweni na viunga vyake: mimi, Boga, nimenunua sweta. La sufu, zito, rangi ya udongo. Mtumba wa daraja la kwanza. Nimelijaribu sebuleni nikatota jasho. Dada yangu Hanifa akaniuliza kama nina homa.

Sababu ni hii. Hanifa, anipikiaye tangu mke wangu aliponiacha, ahamia Wasini mwisho wa mwezi kulea mjukuu. Nimemsihi. Kasema mjukuu ana meno mawili na analalamika kidogo kuliko mimi. Basi sina budi kuoa, na upesi, kabla sijafa njaa. Wali wangu huungua chini, juu ukabaki mbichi. Maajabu!

Lengo: Zainabu, mjane wa Kibuyuni, mkulima wa mwani. Chama chao chaenda Wundanyi, kwenye baridi ya Taita, Jumamosi, kutembea tu, kuona milima. Nimejitolea kuwa kiongozi wa msafara. Nimewaambia nawajua Wataita wote. (Namjua mmoja. Askari. Hatukuachana vizuri.)

Ijumaa, 15 Agosti

Nimetoka msikitini, roho safi, nimekaa kuupitia mpango.

Kila mtu wa pwani ajua leso huuzwa mbili mbili. Hiyo ndiyo doti. Mwanamke hupewa zote mbili, moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Kumpa moja ni tusi. Lakini akili ni nywele! Mwezi jana nilikata doti. Nusu kwa Zainabu. Nusu kwa Esha wa Kikoneni, auzaye vitumbua, endapo Zainabu atakataa. Mvuvi hategemei ndoana moja. Kila mmoja nilimwambia nusu ya pili iko kwangu, nailalia, nitamkabidhi siku ya nikahi. Zainabu akafuta chozi. Esha akanipa vitumbua.

Jina la leso: NIMEKUCHAGUA WEWE PEKE YAKO.

Kibuyuni na Kikoneni wapi na wapi? Nani atajua?

Jumamosi, 16 Agosti. Asubuhi

Balaa! Gari limesimama njiani, akapanda Esha. Nafasi moja ilibaki, Zainabu akamwalika. Kumbe ni mteja wake wa vitumbua! Wamekaa kiti kimoja, wanacheka. Sijui wanacheka nini.

Nimejituliza. Wote wamevaa buibui. Leso zimo mikobani, kama zipo. Dereva, Kaloki, kijana wa Kikoneni ambaye wazazi wake walitoka bara, kaniuliza mbona mzee watoka jasho. Nikasema ni sweta.

Jumapili, 17 Agosti

Nimerudi salama. Hanifa kauliza sweta limekuwaje. Nimemwambia ni nyani. Nyani mkubwa wa mlimani. Kauliza, kama mtu aliyekwisha kusikia mahali, nyani alitumia mkasi? Nimejifanya nimelala.

Kuhusu ndoa, nimemweleza kwamba nimetafakari kule juu, mawinguni, nikaona wale wanawake hawanifai. Hanifa kavuta kamba. Anafunga mizigo.

Jumanne, 19 Agosti

Hapa hakuna asomaye ila mimi. Acha niseme kweli.

Tulifika Wundanyi ukungu umeshuka hadi magotini. Milima hatukuiona. Nilinyoosha kidole kwenye weupe mtupu nikaeleza kwa kirefu. Baridi ile si ya binadamu! Tulipofika sokoni Zainabu alikuwa anatetemeka. Akaniambia, kwa sauti tamu, Bwana Boga, sweta lako lapendeza, lina joto eti?

Nililikumbatia. Mtu wa rika langu hupatwa na kichomi. Nikawaambia, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki: jifunikeni leso!

Wakajifunika. Wakasimama bega kwa bega kando ya mafungu ya kabeji. Maua yale yale. Maneno yale yale.

Kaloki ndiye aliyeanza. Akapiga kelele soko zima lisikie: mzee Boga, hongera, wake wenza wamevaa sare!

Zainabu akamtazama Esha. Akamuuliza, umeipata wapi, shoga? Esha akasema kwa mtu mmoja wa heshima, nusu ya pili anailalia. Zainabu akasema, basi mwenzangu, mimi ndiyo hiyo nusu.

Hawakunitukana. Ningefurahi wangenitukana. Esha alikwenda kwa fundi cherehani akaomba mkasi. Fundi akautoa bila kuuliza. Wataita ni wakarimu sana. Zainabu akaniambia kwa adabu niinue mikono. Bwana Boga, akasema, wewe ni bingwa wa nusu, nasi tumejifunza kwako. Wakalikata katikati, mbele na nyuma, shingoni hadi chini. Kila mmoja akavaa nusu yake, yenye mkono mmoja. Nikabaki na shati.

Sehemu ya nyani ilikuwa uongo.

Hanifa kaondoka leo, kabla ya siku yake. Kaniachia sufuria. Nimeungua vidole.

Lakini nimelipima jambo hili kwa utulivu, na kosa langu nimeliona. Kosa ni leso. Leso huvaliwa nje, watu wakaona. Kwa hiyo jioni hii nimenunua seti ya vikombe. Vya udongo, vina maua, viko sita. Kimoja kimoja kwa wanawake sita, kila mmoja nitamwambia vitano viko kwangu.

Hakuna mwanamke atembeaye na kikombe.