Kinyozi na Pampu Isiyonguruma

Nyamazeni, enyi wa sebuleni na enyi wa barazani. Zimeni feni, wekeni vikombe chini taratibu, kwa maana habari ninayoileta ni ya vita, na vita vyenyewe vilipiganwa dhidi ya kelele.

Palikuwa na kinyozi, shujaa wa mkasi, mtiisha ndevu za mtaa mzima, ambaye kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, aliuvua ukinyozi akawa jemadari wa michezo ya kompyuta. Kompyuta hiyo aliiunda kwa mkono wake. Kisha, kwa kuwa moyo wa shujaa hautosheki, aliingia katika mipangilio yake akaiongezea kasi kupita ile ambayo kichakataji chake, yaani ubongo wake, kilitoka nayo kiwandani. Ikakimbia, naam, lakini ikapata homa. Na kila homa ilipopanda, feni zake zilinguruma kama mashine ya kukoboa mahindi, ngurumo ikavuka ukuta, ikamfikia malkia chumbani.

Malkia huyo, mkewe, alikuwa nesi wa zamu ya usiku. Usingizi wake ulikuwa wa mchana, tena haba. Alivumilia Jumatatu nyingi, mto juu ya kichwa. Mwisho alitoka na shuka mabegani, macho mekundu, akasimama mlangoni na kunena bila kupandisha sauti:

“Mume wangu, jana nusura nimpe mgonjwa dawa ya jirani yake. Nimechoka. Jumatatu ijayo hiyo mashine iwe kimya, au iwe imehama.”

Shujaa aliinamisha kichwa. Alijua mkewe si mtu wa kurudia maneno, na kusema kweli aliona haya, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa, naye siku zote alikuwa ameshiba usingizi.

Ndipo alipoazimia kuipoza kwa maji. Akapima sanduku la kompyuta kwa silaha iliyokuwa karibu, yaani kitana cha kazini, akaenda nacho kwa muuza vifaa vya kompyuta, aliyeitwa Waya kwa ajili ya wembamba wake. Rejeta za kupozea maji zilitundikwa ukutani kama ngao. Kinyozi akaitwaa ndefu kuliko zote, akaipima vitana viwili na meno manne, akatangaza kwamba itaingia sawasawa.

“Itaingia,” Waya akakubali. “Na feni zake utazivaa wewe, jemadari?”

Hakika alikuwa amepima rejeta tupu, akasahau kwamba feni nazo zina unene. Akairudisha ile ngao, akachukua fupi, ya shaba, kwa kuwa kibamba cha kukaa juu ya kichakataji na kukinyonya joto nacho kilikuwa cha shaba, na alishasoma kwamba shaba na alumini zikishiriki maji mamoja hulana. Akachagua mipira ya kupitishia maji, akachagua maji yenyewe. Ikabaki pampu, na hapo ndipo vita vilipochacha.

Pampu zilikuwa tatu. Moja iliwaka taa za rangi zote, na moyo wa shujaa ukaikimbilia. Lakini ipi ilikuwa kimya? Akazisikiliza, akazirudia, asipate jibu. Basi akatoa hoja ambayo majemadari wengine hawajapata kuitoa.

“Ewe Waya, mimi si mwamuzi hapa. Sikio langu limeharibiwa na mashine za kunyolea. Kesho asubuhi namleta mwenye usingizi wake.”

Asubuhi nesi akaletwa moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake mwilini. Waya akampa shemeji kiti, akazima redio, akafunga mlango, na nesi akalaza kichwa juu ya kaunta. Pampu zikawashwa karibu na sikio lake, moja moja. Kwa ile ya taa alikunja uso. Kwa ya pili alisema inalia kama mbu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, haina taa hata moja, na ilipowashwa hakusema kitu. Wanaume wakainama kungoja hukumu, wakasikia mkoromo.

Kinyozi aliitazama ile ya taa kama mtu anayeaga.

“Nifungie hiyo aliyoilalia,” akanong'ona.

Jumatatu ikafika. Maji yakazunguka, homa ikashuka, feni zikapunguza mbio, kasi ya mashine ikabaki palepale. Nesi aliweka sikio kwenye sanduku kabla ya kwenda kulala.

“Mashine imenyamaza,” akasema. “Umebaki wewe.”

Alisema kweli, kwani kinyozi akishinda hupiga kelele hadi majirani hutoka nje. Na siku hiyohiyo, baada ya kushindwa mwaka mzima, alimwangusha adui wa mwisho. Kifua kikafura, mdomo ukafunguka. Hapo akalinyakua taulo lake la kazini, akalishindilia mdomoni lote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sidhani kama waliwahi kuona kimya kikubwa kuliko hicho.

Basi na ikumbukwe hivyo, enyi mlionyamaza mkanisikiliza. Jioni nesi aliamka mwenyewe, usingizi umemtosha, akamkuta jemadari kwenye kiti chake, taulo mdomoni, machozi yakimtiririka.

“Umeshinda?” akauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Hata hapo hakuthubutu kulitoa.